Sauti ya Nne na Hedifoni Mpya

Kila siku ya kazi, saa mbili asubuhi, alikuwa tayari amesimama mbele ya meza ndefu ya kupigia pasi. Mashuka yaliyokunjamana yalikaa kushoto kwake, yaliyonyooka kulia. Mvuke ulimpiga usoni mpaka saa kumi jioni. Wenzake pale dobini walimwita Sikio, na jina hilo hakulipata bure. Pasi ya jirani ikianza kuvuja maji, yeye alisikia kabla ya mwenye pasi.

Jioni, Sikio alifundisha kwaya ya mtaa. Huko walimwita Mwalimu. Kwaya ilikuwa na watu kumi na tisa, na ilifanya mazoezi Jumatano na Jumamosi katika bwalo la shule, mahali wanafunzi wanapokula. Waimbaji waligawanyika katika sauti nne. Sauti ya kwanza na ya pili ni wanawake. Ya tatu ni wanaume wa sauti ya juu. Ya nne ni besi, ile sauti nene ya chini inayowabeba wengine wote.

Sauti ya nne ilikuwa na watu watatu tu: mpaka rangi mmoja, mlinzi mmoja, na seremala aliyeitwa Ngurumo. Huyo Ngurumo ndiye mume wa Sikio. Walikutana katika kwaya hiyohiyo miaka ishirini na miwili iliyopita. Sikio alipenda kusema kwamba aliipenda sauti kwanza, mtu mwenyewe akaja baadaye kama nyongeza ya sokoni.

Sikio alikuwa na utaratibu wake. Siku ya mazoezi aliiweka simu kwenye benchi la nyuma, akarekodi nyimbo zote. Siku ya kazi iliyofuata alivaa hedifoni, akasikiliza huku akipiga pasi. Hapo ndipo alipotafuta makosa.

"Kwa nini usisikilize palepale bwaloni?" mumewe aliwahi kumuuliza.

"Bwaloni nasimama karibu na sauti ya kwanza," Sikio alijibu. "Masikio yangu pale yana upendeleo. Kinasa sauti hakina ndugu wala jamaa."

Hedifoni zake zilikuwa kuukuu. Waya ulifungwa kwa plasta sehemu tatu. Siku moja zilinyamaza katikati ya wimbo, na Sikio akarudi nyumbani amenuna. Binti yao, kitinda mimba, alikuwa ameanza kazi mwaka ule. Wiki iliyofuata alimletea mama yake hedifoni mpya, kubwa, nyeusi, zenye mito laini ya kufunika sikio lote.

"Mama, kwa hizi utasikia mpaka mbu akipiga chafya," binti alisema. Akachukua simu ya mama yake, akabonyezabonyeza. "Na hapa nimekuongezea utamu kidogo."

Sikio hakuuliza ni utamu gani. Zawadi ya mtoto haihojiwi.

Kesho yake dobini alizivaa kwa mara ya kwanza. Akasikiliza mazoezi ya Jumamosi, na pasi ikasimama mkononi. Sauti ya nne ilikuwa imejaa kila mahali. Ilivuma chini ya wimbo, ikawafunika wanawake, ikayameza maneno.

"Hawa wazee wamekula nini?" Sikio alijisemea.

Jumatano hakupoteza muda. "Sauti ya nne, mnawafunika wenzenu. Punguzeni."

Mlinzi alitazama kushoto na kulia. "Tupunguze? Mwalimu, miaka yote unatuambia tuongeze!"

"Na mmeongeza. Sasa mmepitiliza."

Watu walicheka. Besi wakapunguza. Lakini kesho yake, kwenye hedifoni, mvumo ulikuwa uleule. Jumamosi Sikio akasema tena, "Punguzeni." Wakapunguza tena. Mvumo haukuondoka.

Wiki ya pili Ngurumo aliinua mkono. "Mwalimu, hapa tulipo, kweli unatusikia?"

"Masikio ya hapa yana upendeleo," Sikio alisema. "Nimewasikia kwenye hedifoni. Nzuri, tena mpya. Haziwezi kusema uongo."

Wiki ya tatu mlinzi alifunga daftari lake la nyimbo. "Mimi nikitaka kunyamaza nina lindo langu," alisema. "Kule nanyamaza kwa mshahara." Akatoka zake, na hakurudi.

Mambo hayo yalitokea wakati mbaya. Maktaba mpya ya mtaa ilikuwa karibu kufunguliwa, na kamati ilitaka kwaya ya kuimba siku hiyo. Kila kwaya ilitakiwa kupeleka rekodi. Sikio alifikiri, akakosa njia nyingine. Kabla ya kurekodi alimwita mumewe pembeni, karibu na mlango wa jiko la shule.

"Wewe ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote," alimwambia. "Leo fungua mdomo tu. Usitoe sauti."

Ngurumo alipangusa vumbi la mbao begani. Kisha akasema, "Sawa, Mwalimu."

Wakarekodi. Ngurumo alisimama nyuma mahali pake, akafungua na kufunga mdomo, wala hakukosea hata neno moja.

Nyumbani mambo yalibadilika. Karakana ya Ngurumo ilikuwa nyuma ya nyumba, hatua sita kutoka mlango wa jikoni. Siku zote alipopiga randa aliimba, na majirani walijua saa ya chai kwa wimbo wake. Sasa ilisikika randa peke yake. Na mke wake, ambaye tangu binti yao wa kwanza azaliwe alimwita mama watoto, sasa alimwita Mwalimu hata mezani.

"Mwalimu, nipitishie chumvi."

Sikio alijiambia kwamba mume amechoka na kazi. Alijua si kweli. Ilimuuma, lakini alikuwa ameshasema, na mtu mwenye sifa ya masikio haoni rahisi kurudi nyuma.

Jumatatu ulikuja ujumbe wa karani wa maktaba. Sikio aliusoma amesimama mlangoni.

"Tumeipenda kwaya yenu. Ila tuna swali. Je, mna wanaume? Sauti ya chini hatuisikii kabisa. Kama mnaweza, tuleteeni rekodi nyingine kabla ya Ijumaa."

Sikio aliingia ndani. Akavaa hedifoni, akaisikiliza rekodi upya. Mvumo ulikuwepo! Ulikuwa chini ya wimbo, mnene, hauna haya. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Mlinzi hakuwepo. Mpaka rangi siku hizi anaimba kama anaongea na mgonjwa. Sasa nani anayenguruma?

Jibu lilimjia, na halikumpendeza. Akatoka mpaka karakana.

"Siku ile tuliporekodi," alisema, "uliimba?"

Ngurumo hakuinua kichwa. "Uliniambia nisiimbe. Sikuimba."

"Baba watoto, nakusikia humu kwenye rekodi."

Randa ikasimama. Ngurumo aliiweka juu ya benchi, taratibu, ubavu wake chini ili isiharibu makali. "Miaka ishirini na miwili sijakudanganya hata kwa senti," alisema. "Leo nianze kwa wimbo?"

Sikio aliitazama simu yake. Mkononi alikuwa na ushahidi, na mbele yake alikuwa na mume wake, na viwili hivyo havikupatana. Aliogopa. Kama mume anasema uongo, ni msiba. Kama anasema kweli, basi yeye Sikio amemnyamazisha bure na sasa anamwita mwongo.

"Hodi hapa!"

Alikuwa Mama Nyaya, jirani wa nyumba ya tatu. Kazi yake ilikuwa kufunga vipaza sauti kwenye mikutano na sherehe, na hakuonekana bila nyaya begani, ndiyo maana ya jina lake. Alikuwa amekuja kuchukua sanduku la mbao aliloagiza kwa seremala. Akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Nirudi kesho?"

"Usirudi," Ngurumo alisema. "Wewe unajua sauti. Msikilize huyu, halafu uniambie kama mimi ni mwongo."

Sikio alimweleza yote. Mama Nyaya aliketi juu ya rundo la mbao, akatoa hedifoni zake za kazini kwenye mfuko, akachomeka kwenye simu ya Sikio. Kabla ya kusikiliza alifungua sehemu ya mipangilio ya sauti, akatazama, akaguna, akabonyeza kitu kimoja. Kisha akasikiliza huku amefumba macho.

"Shemeji hakuimba," alisema.

"Sasa anayevuma ni nani?"

"Bwalo lenu lina feni?"

Sikio alilikumbuka bwalo. Lilikuwa na feni kubwa ya ukutani, upande wa nyuma, juu ya benchi analoweka simu.

"Basi ni hiyo," Mama Nyaya alisema. "Wiki tatu unaigombeza feni, anaadhibiwa shemeji."

Ngurumo alikohoa. Kikohozi hicho kilifanana sana na kicheko. Sikio hakucheka.

"Lakini hiyo feni ipo miaka yote," alisema. "Mbona hedifoni za zamani hazikunionyesha?"

"Unazo bado?"

Zilikuwepo kwenye droo ya jikoni, maana Sikio hatupi kitu. Mama Nyaya alizikagua, akaubana waya kwa vidole mahali fulani, zikazungumza. Sasa juu ya benchi la seremala, katikati ya maranda, palikuwa na hedifoni tatu: kuukuu, mpya, na za Mama Nyaya.

"Tafuta wimbo mliorekodi zamani," Mama Nyaya alisema, "kabla ya ugomvi huu. Sikiliza kwa zote tatu. Lakini nitahakikisha zote zina ukubwa sawa wa sauti. Ile inayopiga kelele zaidi huonekana nzuri zaidi, hata kama si kweli."

Sikio alianza na zile kuukuu. Wanawake walisikika waziwazi. Ngurumo na wenzake walikuwa mbali, kama wako chumba cha pili. Akavaa mpya. Ngurumo akaja juu yake na kumjaa kichwani. Akavaa za Mama Nyaya. Ngurumo alikuwa nyuma, mahali pake, anasikika vizuri, hamfuniki mtu.

"Wimbo ni mmoja?" Sikio aliuliza.

"Ni mmoja. Rekodi haijaguswa." Mama Nyaya alizishika zile mpya. "Kila hedifoni ina tabia yake. Kiwanda kingine kinaongeza sauti nene, kwa sababu wanunuzi wengi wanapenda mdundo. Kingine sauti nene inakishinda, inatoka nyembamba. Mwamba ngoma huvutia kwake. Zako za zamani zilipunguza besi, ndiyo maana miaka yote ukawaambia waongeze. Hizi mpya zinaizidisha, ukawaambia wapunguze. Na wao siku zote waliimba sawa."

"Kwa hiyo Ngurumo..."

"Mimi sijui jina alilipataje. Wewe ndiwe uliyemwambia aongeze."

Ngurumo sasa alicheka wazi. Sikio alisikia joto usoni, na halikuwa la mvuke.

"Wewe unafanya kazi ya dobi," Mama Nyaya aliendelea. "Ukivaa miwani ya kijani, shuka jeupe utaliona la kijani. Ukidhani ni doa, utalisugua mpaka lichanike. Shuka halina kosa. Vua miwani."

"Nizitupe? Mtoto atasikitika."

"Nani kasema utupe? Njoo hapa." Mama Nyaya alimwonyesha ile sehemu ya mipangilio kwenye simu. Palikuwa na mistari mitano iliyosimama wima, na kila mmoja ulikuwa na kitufe cha kusogeza juu au chini. "Hii inaitwa ikwalaiza. Ile sehemu ya sauti uliyoizoea inapandisha na kushusha vyote kwa pamoja. Hii inagusa fungu moja moja. Mistari ya kushoto ni sauti nene: besi, ngoma, feni. Ya katikati ni maneno ya watu. Ya kulia ni sauti nyembamba kabisa: mlio wa herufi s, pumzi, njuga. Nilipofungua nimekuta ya kushoto imepandishwa mpaka juu. Nikaizima ndipo nikasikiliza."

Binti alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, sahani ya mihogo mkononi. "Ule ni utamu niliokuwekea, Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Nilichagua palipoandikwa 'besi zaidi'."

"Hedifoni zina besi nyingi, na simu nayo ikaongeza besi," Mama Nyaya alisema. "Chumvi juu ya chumvi."

"Mtoto hana kosa," Sikio alisema haraka. "Alinipa kwa moyo. Mimi ndiye niliyeamini bila kuuliza."

Mama Nyaya alimwacha afanye mwenyewe. Sikio alivaa hedifoni mpya, ikwalaiza imewashwa, mistari yote ikiwa katikati, kwenye sifuri. Besi ilipungua, lakini bado ilizidi. Akashusha mstari wa kwanza wa kushoto kidogo kidogo, na wa pili nusu yake. Kila alipoteremsha alivaa zile za Mama Nyaya, akalinganisha, akarudi. Alitaka pia kupandisha mstari wa kulia.

"Ngoja," Mama Nyaya alisema. "Shusha kilichozidi kabla ya kupandisha kilichopungua. Ukipandisha ovyo, sauti inakwaruza, na masikio yanachoka."

"Sasa zitakuwa sawa kabisa na zako?"

"Hapana. Zitakaribiana. Ikwalaiza inasogeza hedifoni karibu na nyingine, haizifanyi pacha. Hata jinsi unavyozivaa ina maana. Kitambaa chako cha kichwa kikiingia chini ya mto, besi inavuja. Na hizi zangu si malaika, nimezizoea tu. Kipimo chako ni waimbaji wenyewe. Simama katikati ya bwalo, wasikilize wakiwa hai, kisha rudi kwenye rekodi. Kama havipatani, shuku hedifoni kabla ya kumshuku mtu."

Sikio aliandika namba za mistari mitano kwenye kipande cha mbao, kwa penseli ya seremala. Kisha, kwa hedifoni zake mpya zilizorekebishwa, akaifungua tena ile rekodi iliyopelekwa maktaba.

Karani alisema kweli. Chini ya wanawake palikuwa patupu, na kwa mbali feni tu. Lakini sasa mvumo ulipokuwa umeshuka, Sikio alisikia kitu ambacho ulikuwa umekifunika. Simu ilikuwa benchi la nyuma, karibu na mumewe. Mwanzo wa kila mstari wa wimbo, Ngurumo alivuta pumzi. Aliivuta kwa wakati wake hasa, ndefu, ya mtu anayejiandaa kubeba mzigo. Halafu hakuna kilichofuata. Mstari wa pili, pumzi, kimya. Mstari wa tatu, pumzi, kimya. Alifanya hivyo mpaka wimbo ulipokwisha.

Sikio alivua hedifoni. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na hakuyaficha.

"Baba watoto," alisema, "nimekukosea. Nimekunyamazisha, halafu nikakuita mwongo. Nisamehe."

Mama Nyaya ghafla alikumbuka sanduku lake na kuanza kulikagua bawaba. Ngurumo aliokota randa, akapuliza maranda kwenye makali yake.

"Yamekwisha," alisema. "Ila kamwombe radhi na mlinzi. Yule ana hasira kuliko mimi."

Sikio alikwenda. Alimkuta mlinzi lindoni, getini, akamweleza mbele ya wapita njia habari za hedifoni na feni. Mlinzi alisikiliza amekunja uso. Ilipofika habari ya feni, uso ulimshinda.

"Kwa hiyo nimefukuzwa kwayani na feni," alisema. "Haya, Jumatano nakuja. Lakini nitaimba, Mwalimu. Sitanong'ona."

Jumatano Sikio aliomba radhi tena mbele ya kwaya nzima. Akazima feni, joto liwe joto. Akaihamisha simu kutoka benchi la nyuma, akaiweka juu ya kiti mbele ya kwaya, umbali sawa kutoka kila upande. Waliporudia wimbo hakusimama karibu na sauti ya kwanza. Alirudi nyuma mpaka katikati ya bwalo, akawasikiliza kwa masikio yake mwenyewe. Sauti ya nne hakuiambia iongeze wala ipunguze. Rekodi ilipelekwa jioni ileile.

Alhamisi saa nne asubuhi ujumbe wa karani ulimkuta mezani, kati ya mashuka. "Tumewachagua. Njooni wote, na wanaume wenu msiwaache."

Asubuhi ile, kabla hajatoka kwenda kazini, alikuwa amesikia randa ikianza karakana, na juu ya randa wimbo. Kisha mtu akaita kutoka hukohuko, "Mama watoto, umesahau hedifoni zako!"

Sasa alizivaa. Akahakikisha kitambaa cha kichwa hakijaingia chini ya mito, na mistari mitano iko mahali alipoiandika. Akaifungua rekodi ya jana. Nyuma, mahali pake, mtu alivuta pumzi ndefu. Sikio aliinua pasi isiunguze shuka, akasubiri.

Sauti ikaja.